Telesphor Hakunywa

Siku Yustina alipochoka kufukuza watu mlangoni, alipasua boksi la sabuni, akachukua kalamu nene ya binti yake, akaandika: KUNA MGONJWA AMELALA. USIPIGE HODI. Akalitundika kwenye msumari wa mlango wa mbele na kwenda uani kuosha vyombo, ameridhika.

Mgonjwa mwenyewe hakuwa mgonjwa. Alikuwa mumewe, Telesphor, dereva wa gari la wagonjwa la hospitali moja pale Mpanda mjini. Alitoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, akanywa chai, akajitupa kitandani. Tatizo ni kwamba mtaa wote wa Nsemulwa haukuwahi kukubali kwamba mwanaume mzima mwenye viungo vyake vyote anaweza kuwa amelala saa tatu asubuhi kwa sababu ya halali. Yustina aliwahi kuandika AMELALA, ALIKUWA KAZINI USIKU. Watu walisoma, wakacheka, wakapiga hodi kuuliza ni kazi gani hiyo. Muuza mkaa aliuliza. Mjumbe wa mtaa aliuliza, tena akakaa, akaomba maji. Upande wa kushoto kulikuwa na mashine ya kusaga. Juu kulikuwa na bati, na bati la Mpanda likishapata jua la saa tano, anayelala chini yake huiva.

Kwa hiyo ugonjwa. Ugonjwa, Yustina aliwaza, watu wanauheshimu.

Waliuheshimu kupita kiasi. Saa nne na robo kina mama sita wa kwaya aliyoiongoza Yustina mwenyewe waliingia kwa mlango wa uani na mkungu wa ndizi na chupa mbili za juisi. Yustina alikuwa bombani. Kina mama hawakupiga hodi, kwa sababu kibao kilikataza. Waliingia kimya mpaka chumbani, wakamkuta Telesphor chali, mdomo wazi, uso umevimba, macho hayajafunga vizuri. Wakasikitika. Wakamwekea mikono.

Telesphor alizinduka akakuta mikono kumi na miwili mwilini, mmoja wenye harufu ya dagaa ukiwa kwenye paji la uso, na juu yake sauti sita zinalia kwa Mungu.

"Nimefia wapi?" akauliza.

"Ametamka!" mama mmoja akapiga kigelegele.

Yustina aliporudi na ndoo kichwani ilibidi awatoe mmoja mmoja, akiwashukuru kwa ndizi. Telesphor alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda anatazama miguu yake kama mtu anayejaribu kukumbuka ni ya nani. Kwa hodi zote za asubuhi ile, alikuwa amelala dakika hamsini. Huo ulikuwa usiku wake wa ishirini na moja mfululizo kazini. Dereva wa tatu alistaafu Februari na hakuletwa mwingine. Wa pili, Zakayo, alikuwa Dodoma.

Saa sita kasoro simu ikalia. Telesphor akasikiliza, akasema "sawa" mara nne, akaanza kutafuta suruali ambayo tayari alikuwa ameivaa.

"Si umetoka asubuhi hii, Baba Vestina?" Yustina akamwuliza.

"Kuna mzazi amekwama Sibwesa. Nani aende? Zakayo yuko mafunzoni."

"Mafunzo ya nini hayo yasiyoisha?"

"Usalama barabarani," akasema Telesphor, akatoka, shati lake amelivaa ndani nje.

Kwenda Sibwesa alienda vizuri, kwa sababu aliendesha kwa hasira, na hasira inakesha. Pembeni alikuwa Sista Rahel, nesi wa zamu ya dharura, ambaye naye alikuwa anamalizia saa ya kumi na nane. Walipeana habari za watoto mpaka habari zikaisha.

Zahanati walimkuta Emelyne, binti wa miaka kumi na tisa, uchungu umemshika tangu jana yake. Mama yake, Candide, mkulima mwenye mikono mikubwa na kitenge cha njano, alikuwa ameshafunga mizigo. Rahel alitaka nafasi nyuma afanye kazi, basi Candide akaketi mbele na dereva. Kabla hata hawajatoka kwenye geti la zahanati alimwona Telesphor anatikisa kichwa chini juu, chini juu.

"Dereva," akasema, "unamwitikia nani?"

"Aa, shingo tu, mama."

Candide hakuamini hiyo shingo. Alikuwa ameona mengi maishani, na aliamua kwamba binti yake hatafia kwenye shingo ya mtu. Akaanza kumwimbia. Akamwimbia nyimbo za kanisani zote anazojua kwa Kiswahili, kisha za Kirundi. Nyimbo zilipoisha akaanza kumfinya paja kila kilomita, bila haya. Telesphor alikuwa anasema asante kila akifinywa.

Walipofika kwenye mashamba ya alizeti, barabara ilinyooka. Candide aligeuka nyuma kidogo kumwambia Emelyne, "Vumilia, mwana wanje," yaani mwanangu, kwa Kirundi. Ni muda huo tu. Telesphor aliona kitanda chake, shuka lililokunjwa vizuri, mashine ya kusaga imezimwa, na akapanda.

Gari liliacha barabara taratibu, bila kelele, kama linalokwenda kujisaidia. Likapita katikati ya alizeti mistari ishirini, likapanda kichuguu, likasimama pua juu. Rahel aligonga paji la uso kwenye mtungi wa oksijeni. Emelyne akapiga ukelele mmoja mkubwa, na mtoto akatoka. Baadaye Rahel alisema kitaalamu mambo hayo mawili hayahusiani. Candide alisema yanahusiana.

Mtoto alikuwa wa kike, alilia palepale, na alikuwa na nguvu kuliko wote waliokuwamo. Rahel, nundu inakua usoni, alikata kitovu kama inavyotakiwa, akamfunga mtoto kwenye kitenge cha njano. Telesphor alishuka. Alimkagua mzazi kwa kuuliza kutoka nje ya mlango, akamkagua mtoto, akamkagua Rahel, akakagua tairi. Alipanda kichuguu kutafuta mtandao, akapiga hospitali waombe gari lingine popote, akateremka. Mwenye shamba, ambaye alikuwa na haki ya kuleta panga, alileta maji ya kunywa kwenye chupa ya plastiki isiyo na nembo. Telesphor akanywa nusu, akaegemea kichuguu apumzike dakika moja.

Vijana wawili wa pikipiki waliopita dakika ishirini baadaye walikuta gari la wagonjwa limepanda kichuguu na dereva wake amelala chini, mdomo wazi, shati ndani nje, chupa mkononi. Wakapiga picha. Nani asingepiga?

Picha ilifika Nsemulwa kabla ya mwenyewe. Ilitua kwenye kundi la WhatsApp la kwaya saa kumi na moja jioni, na maneno: DEREVA WA AMBULENSI KALEWA CHAKARI, MZAZI AJIFUNGULIA PORINI. Chini yake mama yuleyule wa mkono wa dagaa alikuwa ameandika, "Kumbe ndio ugonjwa wenyewe."

Yustina aliikuza ile picha kwa vidole viwili. Alianza kuangalia kama kuna damu. Hakukuwa na damu. Kisha akaangalia chupa. Halafu akaangalia uso wa mumewe kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuuangalia mwaka huo, na akashtuka kwamba mtu huyo mwenye miaka arobaini na mmoja alifanana na baba mkwe wake siku walipomzika.

Telesphor hakuwa mnywaji. Hata soda ya tangawizi iliyokaa wazi aliikataa, akisema imeanza kugeuka. Lakini askari wa barabarani waliofika shambani hawakuwa na kipimo cha ulevi siku hiyo, Daktari Lusia, mganga mfawidhi wa hospitali, alikuwa safarini, na mtu wa kwanza kukumbuka kumpima damu alikumbuka baada ya siku tatu. Kufikia hapo picha ilikuwa imeshapima.

Shuleni Vestina aliitwa Kichuguu. Alirudi nyumbani akasema hajali, akala nusu sahani, akaenda kulala na viatu. Jumamosi alikuja mzee wa kanisa, Krispini, mtu mpole mwenye koti la mvua misimu yote. Alikataa chai, na hapo wakajua ni habari mbaya.

"Ndugu yetu atakaa benchi la nyuma miezi sita," akasema. "Na wewe Mama Vestina, kwaya utaipumzisha. Uniform utamkabidhi Mama Agripina."

"Mzee, hakunywa."

"Sisi hatusemi alikunywa. Tunasema imeonekana."

Wiki hiyohiyo katibu wa hospitali, Yotham, alimwita Telesphor ofisini akitoka zamu ya usiku, maana mwingine wa kuendesha bado hakuwepo. Yotham hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mafaili, na faili lisilofungika lilimpa kiungulia. Alimwagizia chai ya maziwa na maandazi mawili, akafunga mlango, akasogeza karatasi iliyokwisha kuchapwa.

"Soma polepole."

Telesphor alisoma. *Mimi, Telesphor, dereva daraja la pili, nakiri kwamba siku tajwa nilitumia kilevi.*

"Katibu, mimi sinywi."

"Najua hunywi. Hospitali nzima inajua. Ndiyo maana itaonekana ni bahati mbaya ya mara moja, utasamehewa." Yotham akamsogezea andazi. "Nisikilize. Pombe ina utaratibu wake. Mara ya kwanza ni onyo, mwezi mmoja nje ya kazi kwa nusu mshahara, unarudi. Usingizi hauna utaratibu. Ukiandika ulisinzia, huo ni uzembe uliokithiri, unafukuzwa. Na kabla hujafukuzwa, mkoa watauliza ulisinzia kwa nini. Watataka rosta. Rosta nimesaini mimi."

"Kwa hiyo tatizo ni saini yako."

"Tatizo ni letu sote. Mimi madereva wa kupanga ninao wawili, mmoja yuko Dodoma. Ningempanga nani, mke wangu? Kamati inakaa Alhamisi. Njoo umesaini."

Katika maelezo yote hayo, neno lililobaki kichwani mwa Telesphor lilikuwa moja: mwezi. Mwezi mzima nyumbani. Alitoka ofisini ameshika andazi la pili, anatabasamu.

"Nitasaini," alimwambia Yustina.

Walikuwa jikoni, mchana. Yustina alikuwa anachambua mchele. Aliacha.

"Utasaini ulilewa."

"Mwezi mmoja, Mama Vestina. Siku thelathini. Nalala, naamka, nakula, nalala."

"Na kanisani?"

"Wameshaniweka nyuma. Nyuma kuna ukuta. Nitaegemea."

Yustina alitaka kukasirika, kicheko kikamtoka, kisha kikaisha ghafla. Alikuwa amemwona anakoroga chai kwa kalamu. Sukari aliyoweka ilikuwa chumvi, na alikunywa, na hakushtuka.

"Kichwa kinakuuma tangu lini?"

"Kipi?"

"Una vingapi?"

"Tangu Machi," akasema Telesphor. "Nyuma hapa. Na usiku naona vitu vinavuka barabara. Juzi nilimpigia honi fisi, Rahel akaniambia hakuna fisi. Ila wewe usiogope. Ni usingizi tu."

Yustina akasukuma ungo pembeni. "Sikiliza. Ukisaini hiyo karatasi, utalala mwezi mmoja. Mwezi ukiisha watakurudisha usiku uleule, na rosta ileile, na safari hii ukisinzia watasema si tulisema ni mlevi. Watu watakuzika wakijua umekufa kwa pombe. Mimi nitakaa pale mbele na kanga yangu nasikiliza mahubiri ya pombe. Hapana. Sitaki."

"Sasa unataka nini? Nifukuzwe?"

"Nataka ulale. Nenda kalale. Mimi natoka."

Emelyne alikuwa bado wodi ya wazazi kwa uangalizi. Yustina aliingia saa ya kutazama wagonjwa, amebeba uji kwenye chupa, hajui atasema nini. Mke wa mtu aliyempandisha mgonjwa kwenye kichuguu anasalimiaje? Alianza kwa kupiga magoti kidogo.

"Shikamoo mama. Mimi ni mke wa dereva."

Candide alimtazama juu mpaka chini. "Marahaba. Amelala sasa?"

Hilo tu. Yustina alikaa kitandani kwa Emelyne na kulia mpaka mtoto akaamka.

Alhamisi kamati ilikaa kwenye chumba cha mikutano. Alikuwepo Yotham, alikuwepo Daktari Lusia, ambaye alikuwa amerudi safari akakuta picha hiyo hata kwenye simu ya dada yake, na alikuwepo mjumbe wa tatu ambaye hakusema neno kuanzia sala ya kufungua mpaka soda. Telesphor alipewa kiti katikati. Yotham akaweka karatasi mbele yake, akaweka na kalamu, akaifungua.

"Sisaini," akasema Telesphor. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilisinzia. Kama ni kufukuza, fukuzeni kwa hilo."

Yotham akafumba macho, kiungulia kimefika.

"Mashahidi wapo?" Daktari Lusia akauliza.

Candide aliingia na kitenge cha njano, kimefuliwa. Alikataa kiti.

"Mimi walevi nawajua," akasema. "Nimeishi na mmoja miaka thelathini, Mungu amrehemu. Mlevi akiwa na gari, au baiskeli, au hata toroli, anaendesha kwa furaha. Anapiga kona anaimba. Huyu niliimba mimi. Mlevi ukimfinya anatukana. Huyu nilimfinya kutoka Sibwesa, alikuwa anasema asante mama, asante mama. Na mdomo wake niliunusa. Nilimsogelea makusudi nikanusa, maana nilikuwa na binti yangu nyuma. Ulinuka njaa."

"Gari lilivyoacha barabara..." Yotham akaanza.

"Lilikwenda kama mtu anakwenda kulala. Taratibu. Mjukuu wangu mzima. Tulitaka kumpa jina la mke wa dereva, lakini baba yake akasema tusubiri kwanza tuone kama familia hiyo inaamka."

Mjumbe wa tatu alikohoa kuficha kicheko. Daktari Lusia hakucheka. Alikuwa anamwangalia Telesphor shingoni, pale mshipa unaporuka.

Sista Rahel aliitwa. Alikuwa ameapa nyumbani kwake kwamba atajibu ndiyo na hapana tu, maana ana watoto watatu na kazi ni hii. Nundu ilikuwa imegeuka kijani.

"Dereva alikuwa amelewa?"

"Hapana."

"Alikuwa amesinzia?"

"Ndiyo." Kisha mdomo ukamkimbia. "Na mimi. Hata mimi nilikuwa nimesinzia. Sikumwona anasinzia kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimesinzia nimeshika drip. Juzi wodini nilimwamsha mgonjwa nimpe dawa ya usingizi. Nimefikia hapo, Daktari. Mniandikie na mimi."

Daktari Lusia akainuka, akatoka, akarudi na kipima presha. Akamfunga Telesphor mkono palepale mbele ya kamati, akapampu, akasoma, akafungua, akafunga mkono wa pili, akapampu tena.

"Mia na tisini na tano kwa mia na ishirini," akasema. "Katibu, andika."

"Niandike wapi? Hii ni kamati ya nidhamu."

"Andika popote. Huyu mtu si wa kufukuzwa, ni wa kulazwa. Tumekaa hapa tunabishana kama alikunywa, na mishipa inakaribia kumpasuka mbele yetu."

Alilazwa siku mbili, akapewa vidonge ambavyo aliambiwa atakunywa maisha yake yote, na wiki tatu za mapumziko ya ugonjwa. Shitaka la pombe lilifutwa. Hilo la usingizi, kumbukumbu za kikao zilisema, "litaangaliwa." Kanisani Krispini alitangaza kwamba ndugu yao amerudishwa benchi la kati. Kwaya haikurudishwa. Mama Agripina alikuwa ameshaipunguza ile uniform.

Zakayo alirudi kutoka Dodoma na cheti cha usalama barabarani chenye fremu, akakabidhiwa funguo na zamu zote za watu watatu.

Telesphor alilala. Siku za kwanza alilala kama kazi, kwa jasho. Kisha mwili ukazoea giza, akawa analala saa tatu usiku mpaka asubuhi. Kichwa cha nyuma kikaacha kuuma. Alianza kumwuliza Vestina habari za shule na kukumbuka majibu.

Siku ya kumi na sita, saa saba mchana, gari la wagonjwa lilisimama nje. Zakayo akashuka akishika ukuta. Alikuwa kijana mnene mcheshi alipokwenda Dodoma. Sasa macho yalikuwa mekundu na mkanda umesogea matundu mawili.

"Shemeji, kaka yupo? Nimekuja kumbembeleza arudi. Nakufa."

"Kaa kwanza," Yustina akamwambia. "Kuna ugali na maharage."

Zakayo alikaa, akanawa, akamega tonge, akalichovya, na hapo akaisha. Tonge lilikuwa mkononi, mkono njiani, yeye amelala. Telesphor alimtoa tonge vidoleni. Wakambeba wawili, mmoja kichwani mmoja miguuni, wakamlaza kwenye kitanda chao, wakamvua viatu. Yustina akaenda mashine ya kusaga na bakuli la maharage yaliyokusudiwa Zakayo, akaongea na mwenye mashine. Ilizimwa.

Simu ikalia mfukoni mwa Zakayo. Telesphor akaitoa.

Ilikuwa zahanati ya upande wa Ugalla. Mrina asali alikuwa ameanguka kutoka juu ya mti akiwa na mzinga mkononi. Mguu umevunjika, mfupa uko nje, amevimba uso kwa nyuki, na baadhi ya nyuki bado walikuwa naye, ndiyo maana mganga wa zahanati alikuwa anaongea kutoka nje, kupitia dirishani.

Telesphor akashusha simu. Funguo zilikuwa mezani kando ya sufuria. Mumewe alikuwa na siku tano za mapumziko zimebaki, na Yustina alijua barua inavyosema: haruhusiwi kugusa gari.

"Umekunywa dawa?" akamwuliza.

"Nimekunywa."

"Umelala saa ngapi jana?"

"Tatu mpaka kumi na mbili."

Yustina akachukua zile funguo, akamwekea kiganjani. "Mpitie Rahel geti la hospitali. Na shati lako nigeuzie nilione. Haya, nenda."

Alikwenda. Barabara ilikuwa ileile, mashimo yaleyale, lakini kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu ilikuwa na kingo. Aliyaona mashimo kabla ya kuingia. Aliona mizinga imening'inia mitini, mbuzi, mama na mtoto wamebeba kuni, akapunguza mwendo kabla hajafikiria kupunguza. Rahel, ambaye alikuwa ametoka mapumziko ya siku mbili aliyolazimisha Daktari Lusia, alimwangalia pembeni kwa wasiwasi.

"Unaona fisi?"

"Naona mbuzi."

"Mbuzi wapo," akasema Rahel, akaegemea kiti. Mrina asali aliingia chumba cha upasuaji kabla ya saa moja usiku, analalamika njia nzima kuhusu mzinga wake. Mguu haukukatwa.

Zakayo aliamka magharibi. Alitoka nje pekupeku, akatazama pale alipoegesha gari, akashika kichwa.

"Shemeji! Gari limeibiwa!"

"Limeenda Ugalla," Yustina akasema bila kuinuka. "Maharage niliyahonga. Kuna mboga za majani. Kula."

Barua zilikuja mbili, siku moja, kila mtu na yake. Telesphor alipewa onyo kwa kuendesha chombo cha hospitali akiwa mapumzikoni kwa ugonjwa. Zakayo alipewa onyo kwa kukabidhi funguo pasipo idhini na kulala wakati wa kazi. Walikutana barazani kwa Telesphor kuzisikitikia. Yustina ndiye aliyesoma kwa sauti, kwa sababu ndiye mwenye sauti.

Barua ya Zakayo ilikuwa ndefu. Yotham alitaka isiwe na tundu. Alitaka ithibitike kwamba dereva alijua fika kwamba yuko kazini.

"*...ulikutwa umelala katika nyumba ya mtumishi mwenzako,*" Yustina akasoma, "*ilhali ulikuwa zamu, kama ulivyokuwa zamu usiku na mchana kwa siku kumi na sita mfululizo bila mapumziko, kwa mujibu wa rosta iliyoambatishwa hapa...*" Akageuza ukurasa. Rosta ilikuwepo. Imesainiwa. Ina mhuri. Akairudisha ile barua usoni, kama mtu aliyeona mdudu kwenye mchele.

"Rudia hapo," Telesphor akasema.

Akarudia, polepole, kila neno na pumzi yake, kama anawafundisha kwaya wimbo mpya.

"Ameandika mwenyewe," Zakayo akasema.

"Ameandika, amesaini, ameambatisha, na amekuletea mpaka mlangoni."

Yustina alipeleka nakala kwa Daktari Lusia kesho yake asubuhi, na Daktari Lusia, ambaye tangu kikao kile alikuwa anatafuta karatasi moja tu, aliipeleka mkoani bila kuongeza neno. Maswali yalirudi haraka kuliko majibu ya kawaida ya serikali. Yotham alihamishiwa stoo ya dawa, ambako inasemekana kiungulia kimepungua. Maonyo yote mawili yalibaki kwenye mafaili, kwa sababu hakuna aliyejua utaratibu wa kuyatoa. Usiku ukagawanywa: siku nne kazini, siku tatu nyumbani, na hakuna kuitwa mchana aliyetoka usiku. Manesi walipata yao baada ya kelele nyingine mbili.

Dereva wa tatu aliletwa mwezi wa tisa. Pacifique, kijana wa miaka ishirini na sita, alishuka na begi moja na leseni mpya, akawakuta Telesphor na Zakayo wanaosha gari uani mwa hospitali. Aliwaamkia vizuri, akauliza kazi ikoje hapa, barabara zikoje, gari lina tabia gani.

Wale wawili wakatazamana. Telesphor akakamua kitambaa.

"Gari utalizoea," akasema. "Godoro lako la inchi ngapi?"